Jibu: Mashabiki wanaandika "safi sana" tu

Mkuu, umeuliza ufanyeje na maoni ya watu kwenye video zako za kuimba na gitaa, maana karibu wote wanaandika "safi sana" na mmoja tu kalalamika kwamba sauti yako haisikiki. Huyo mmoja mshike! Nimekusikiliza, na anasema kweli: kwenye ubeti gitaa linaimeza sauti. Simu umeielekeza kwenye tundu la gitaa. Ipandishe ielekee mdomoni, na ubeti upige kwa vidole, usichape nyuzi zote sita mpaka kiitikio. Tena ubeti unauimba chini mno, maneno yanapotelea kooni. Funga kapo, kile kibanio cha kubana nyuzi zote, kwenye freti ya pili, yaani nafasi ya pili ya shingo ya gitaa kutoka kichwani. Wimbo utapanda toni nzima na vidole vitabaki kushika vilevile.

Wale wa "safi sana" usiwadharau hata kidogo. Anayerudi kila video ni shabiki wako wa kweli, mjibu kwa jina lake, muulize ni mstari gani umemgusa. Ukiuliza hivyo watu hufunguka. Wanaocheka sura au nguo zako wapite tu. Sauti unayo, ndugu yangu, na ule wimbo wa mwisho naomba uurekodi upya.