Mama ana kisukari na mkono umevunjika: usikimbilie unga wa stendi

Mkuu, umeuliza kwa nini mama yako amevunjika mkono kwa kujikwaa tu, ilhali kipimo kilionyesha mifupa yake ina madini ya kutosha. Umeuliza pia kama umnunulie ule unga wa "sukari za mifupa" wa stendi. Huo unga nimeunywa. Mwaka 2021 bodaboda iliniangusha Buzuruga, Mwanza, muundi ukavunjika, nikamaliza makopo matatu nikiwa na P.O.P. (plasta ngumu). Nafundisha baiolojia, lakini maumivu hayajui cheti.

Kweli mfupa una sukari zake, ila si ya chai. Ni minyororo mirefu, kondroitini salfeti, heparani salfeti na wenzao, ambayo mwili huiunda wenyewe na kuipachika kwenye protini zilizo katikati ya nyuzi za kolajeni, protini inayoushikilia mfupa. Minyororo hiyo inashika maji. Nenda soko la samaki la Mwaloni ushike dagaa: mbichi anapinda, mkavu anakatika, kak! Mfupa nao unahitaji yale maji kidogo ili uvumilie kishindo, na kadiri mtu anavyozeeka minyororo hupungua. Kipimo cha madini hakilioni hilo.

Kazi yake nyingine ndiyo inayonivutia zaidi. Inashika protini za kuamsha ukuaji, kama BMP-2, na kuziweka jirani na osteoblasti, seli zinazojenga mfupa. Unataka kuona sukari za namna hii zinavyogusa seli za mfupa? Tazama heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ndugu kabisa wa heparani. Ikitumika miezi mingi inaweza kudhoofisha mifupa: wajenzi wanazubaa, wabomoaji (osteoklasti) wanachangamka.

Sasa mama. Sukari ikizidi kwenye damu hujibandika ovyo kwenye kolajeni na kuikakamaza. Kile kipimo cha sukari cha miezi mitatu hupima kubandika kwa namna hiyohiyo, ila kwenye damu. Tofauti ni kwamba chembe nyekundu hufa baada ya siku kama 120 na kuondoka na uchafu wake. Kolajeni ya mfupa hukaa miaka. Ndiyo maana mwenye kisukari cha aina ya pili anaweza kuwa na mifupa yenye madini tele na bado ikavunjika kirahisi.

Ule unga kwa sehemu kubwa unavunjwavunjwa tumboni, haupandi basi kwenda mkononi. Utafiti wa Marekani uliotoka 2006, wagonjwa 1,583 wenye magoti yaliyosagika, ulikuta kwa jumla glukosamini na kondroitini, sukari za aina hiyohiyo zinazouzwa kama dawa ya viungo, hazikushinda kidonge kisicho na dawa ndani. Na hayo ni magoti, si mfupa uliovunjika! Hela hiyo nunua vijiti vya mashine ya sukari, na dagaa ale na mifupa yao.

Halafu muulize alijikwaa saa ngapi. Kama ni asubuhi, ameshachoma insulini na hajala, huenda sukari ilishuka akapata kizunguzungu. Hilo daktari wake alijue wiki hii hii.