Lupasi ya mdogo wangu itanipata na mimi?
Pole dada kwa mdogo wako. Umeuliza kama lupasi yake (ugonjwa ambao kinga ya mwili inashambulia mwili wenyewe) ina maana nawe utaugua, na kama upande Upper Hill, Nairobi, ukapimwe jeni. Hiyo pesa iweke kwanza.

Hakuna jeni moja ya lupasi. Ziko nyingi, kila moja inachangia kidogo. Zilizochunguzwa sana ni zile za mawasiliano ya kinga ya mwili, kama IRF5 na STAT4. Aina fulani za jeni hizo hufanya seli zitoe interferoni nyingi, au ziiitikie kupita kiasi. Interferoni ndiyo protini inayotangaza kwamba virusi vimeingia. Sasa kinga inakaa imewaka hata virusi havipo, na inaanza kushambulia mwili wenyewe. Lakini watu wengi wana aina hizo na hawaugui kamwe. Hata kwa pacha wa kufanana, mmoja akiugua, mara nyingi mwenzake haugui.

Jeni moja kuleta ugonjwa peke yake ni nadra mno. Mwaka 2022 kilichapishwa kisa cha msichana wa Uhispania mwenye badiliko moja kwenye jeni ya TLR7, akaugua lupasi. (Jeni hiyo iko kwenye kromosomu X, na wanawake wanazo mbili. Huenda ndiyo sababu mojawapo ya wagonjwa tisa kati ya kumi kuwa wanawake.)

Ukiona viungo vinavimba, upele mashavuni, vidonda mdomoni au mkojo wa povu, nenda upimwe mkojo na damu, na usikubali kuambiwa ni taifodi kila mara. Kipimo cha damu cha ANA (kinachotafuta kingamwili zinazolenga seli za mwili wenyewe) kikitoka chanya peke yake, usitishike. Hata wazima huwa nazo.