Dalali wa malori amekukalia na hela

Pole sana, ndugu yangu. Wiki tatu umebeba kifusi, leo dalali anakwambia mkandarasi hajamlipa. Hilo ni deni lake kwako, labda kama mkataba una kile kifungu cha "utalipwa nikilipwa". Usome tena, kifungu hicho kimewaumiza wengi, na kwa maoni yangu sheria ingekipiga marufuku.

Kusanya stakabadhi za kila tripu: tarehe, namba ya lori, uzito wa mizani, sahihi ya msimamizi wa saiti. Isiyo na sahihi itakusumbua. Mwandikie mkandarasi mkuu upesi, kabla hajammalizia dalali malipo.

Kazi ijayo, usijaze mafuta kabla dalali hajakuonyesha dhamana ya benki au bima itakayokulipa akikwama.