Maswali ya Wasomaji: Safari ya Ziwa Ngosi

Swali: Tutakuwa Mbeya mwezi wa saba kwa harusi, watu watano, na tuna siku moja ya ziada. Tungependa kuliona Ziwa Ngosi. Twende vipi, na tujiandae na nini? (Msomaji, Dodoma)

Jibu: Siku moja inatosha, mradi muidamkie. Saa 12 asubuhi muwe stendi ya Nane Nane, mpande gari la Tukuyu au Kyela na kumwambia konda awashushe njia panda ya Ngosi. Kutoka lami hadi chini ya mlima ni kama kilomita 7. Mkichukua bodaboda, pataneni nauli ya kwenda na kurudi kabisa, maana jioni kumpata mwingine huko juu ni bahati. Kuanzia hapo ni miguu tu, karibu saa nzima ya kupanda msituni hadi ukingo wa kreta, yaani shimo la volkano lenye ziwa ndani yake.

Lengeni kufika ukingoni kabla ya saa 4. Jua linapopasha miteremko, hewa yenye unyevu hupanda kutoka upande wa Ziwa Nyasa, ikapoa na kugeuka ukungu, na kreta ikajaa weupe mtupu. Mkiukuta umeshatanda msikate tamaa haraka: kaeni nusu saa, upepo huweza kuufungua na maji ya kijani yakaonekana yote kwa mara moja.

Julai ni kiangazi, lakini msidanganyike. Ziwa lenyewe liko zaidi ya meta 2,000 juu ya usawa wa bahari, baridi ni kali, na chini ya miti njia haikauki vizuri. Udongo ni majivu ya volkano yaliyochanganyika na majani yaliyooza. Ukiukanyaga kwa raba ya soli bapa unateleza kama sabuni, hasa wakati wa kushuka, na ndipo vifundo vya miguu vinapoteguka. Vaeni viatu vyenye meno, mshike fimbo. Penye mwinuko mkali jishikilieni kwenye mizizi, si kwenye mianzi mikavu, kwani hiyo hukatika mkononi. Kila mtu abebe maji lita moja na nusu, sweta na koti la mvua.

Msitu uko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS). Ada ya kuingia lipeni kwa kontro namba, mdai risiti. Ujira wa mwongoza njia ni malipo mengine. Ulizeni mapema kama unahusu kuishia ukingoni au kushuka hadi majini.

Swali: Tukishuka, tunaweza kuogelea? (Msomaji huyohuyo)

Jibu: Hapana. Kuta za kreta ni mwinamo mkali, kina cha ziwa kinazidi meta 70, na mtu akizidiwa hakuna wa kumwokoa. Maji nayo yana chumvi za jotoardhi, si ya kunywa. Kwa maoni yetu, anayesimama ukingoni akawasikia mbega wakinguruma miti ya jirani ameshaiona Ngosi. Kushuka muwaachie wenye miguu imara na mwongozaji anayeijua njia, tena si baada ya mvua.

Swali: Nasikia ziwa lina mila zake na mali ya Wajerumani. Kuna ukweli gani? (Msomaji, Kibaha)

Jibu: Ni mambo mawili tofauti. Wajerumani kweli walitawala huku, na Tukuyu waliiita Neu-Langenburg. Habari ya mali iliyozamishwa na nyoka anayeilinda ni masimulizi, na si sababu ya kumpeleka mtu majini.

Mila ni jambo zito zaidi. Kwa wazee wa Kisafwa na wa Kinyakyusa ziwa hili si shimo la maji tu. Yako masimulizi kwamba lilikuwa kwingine, likawadhuru watu na mifugo, wazee wakatupa ndani jiwe lililochomwa motoni, likahama. Kwa hiyo msirushe mawe majini kwa mchezo wala kupiga kelele ukingoni. Mkikuta chungu au kitambaa chini ya mti, msikiguse wala kukipiga picha, muulizeni mwongozaji. Mkitaka kusikia masimulizi kwa wenyewe, mwombeni awapeleke kwa mzee kijijini baada ya kushuka, mketi, msalimie kwanza. Mkiwa kwa Wanyakyusa, shukrani ni "ndaga fijo".