Unakimbia kila wiki na mizani imegoma? Mwili una hesabu zake

Mhariri salamu. Swali lenu la wiki hii ni la dada anayesema anafanya mazoezi karibu kila siku, anatoka jasho mpaka fulana inakamuka, lakini mizani imegoma kushuka, na mwishoni akauliza kama akimbie kabla ya kula au baada. Naomba nijibu kwa kirefu maana hili swali naulizwa kila wikiendi, mi ni mmoja wa wanaoongoza mazoezi kwenye joging ya mtaani kwetu huku Temeke na nimeamua kusoma kuhusu haya mambo baada ya kuchoka kuwajibu watu "kaza tu utapungua".

Dada yangu, huna kasoro yoyote na wala hujarogwa. Mazoezi peke yake hayapunguzi kilo kama tunavoaminishwa, basi.

Njoo Jumamosi uone mwenyewe. Tukishamaliza kukimbia wote tunaelekea kwa mama wa supu, pale kuna kongoro, kuna chapati za moto, ndimu, pilipili, na soda ya baridi maana eti tumepoteza maji. Sasa piga hesabu. Mtu wa kilo 80 akikimbia kilomita 5 anachoma kama kalori 400 hivi, kanuni ya haraka haraka ni kalori moja kwa kila kilo ya mwili wako kwa kila kilomita, na hapo ni akikimbia kweli, sio hizi joging zetu za kuimba, kupiga picha na kutembea nusu ya njia. Chapati moja ya kusukuma iliyopakwa mafuta vizuri inafika kalori 250 hadi 300 kutegemea na saizi, na nani anakula moja? Mbili tu ushamaliza zile 400 na zimezidi, bado soda ya chupa kama 150, bado supu yenyewe na yale mafuta yanayoelea juu. Mtu anarudi nyumbani kala zaidi ya alichochoma, afu anajiambia leo nimepiga kazi kwaiyo mchana najiachia.

Na hata kama angeruka ile supu, kilo moja ya mafuta ya mwilini imebeba kalori kama 7,700. Gawanya kwa 400. Ni mbio 19 za kilomita 5 kwa kilo moja, tena bila kuongeza hata tonge moja popote. Ndo maana nikimsikia mwalimu wa jimu anamwahidi mtu kilo 10 kwa mwezi kwa kuruka kamba namwangalia tu.

Wengi hatujui kwamba mazoezi ni sehemu ndogo ya matumizi ya mwili. Asilimia 60 hadi 70 ya nishati unayotumia kwa siku inaenda kwenye kukuweka hai tu, hata ukiwa umelala chali unaangalia feni: ini, figo, moyo, joto la mwili. Ubongo peke yake una kama asilimia 2 ya uzito wako lakini unakula karibu asilimia 20 ya nishati ya mwili uliopumzika. Asilimia kama 10 nyingine inaenda kwenye kumeng'enya chakula chenyewe. Kinachobaki ndo kutembea, kufua, kupanda daladala, kubeba mtoto, na mazoezi yako humo humo.

Ushahidi mkubwa kuliko yote umetoka hapa hapa kwetu, nashangaa Watanzania wachache ndo wanaujua. Kuna mtafiti wa Marekani anaitwa Herman Pontzer, yeye na wenzake walienda kwa Wahadzabe kule Ziwa Eyasi wakapima wanatumia nishati kiasi gani kwa siku. Hawakupima kwa saa ya mkononi. Kuna njia ya kumpa mtu maji ya kunywa ambayo haidrojeni na oksijeni yake ni nzito kidogo kuliko ya kawaida, hayana madhara, afu unachukua mkojo wake kwa siku kadhaa. Haidrojeni inatoka mwilini kama maji tu, ila oksijeni inatoka kama maji na pia kama hewa ya kaboni daioksaidi unayopumua, kwaiyo tofauti ya hizo mbili inakuonyesha mtu katoa hewa chafu kiasi gani, na hapo unajua kachoma kalori ngapi. Sasa hawa watu wanaume wanatembea kama kilomita 11 kwa siku wakiwinda na kutafuta asali, kinamama kama 6 wakichimba mizizi kwenye udongo mgumu, wengine na mtoto mgongoni. Kila mtu alitegemea wawe wanachoma kalori kama tanuru. Majibu yalipotoka mwaka 2012 ikawa wanaume kama 2,600 kwa siku na wanawake kama 1,900, na ukishazingatia ukubwa wa mwili ni sawa na Mmarekani anayeshinda ofisini kwenye kiti.

Hapo ndo kichwa kinauma. Maelezo ya Pontzer ni kwamba mwili una hela ya matumizi ya siku ambayo haipendi kuizidisha, ukiongeza nauli inabana kwenye mboga. Ukikimbia sana mwili unapunguza kwingine, kwenye mambo usiyoyaona kama uvimbe wa ndani kwa ndani unaowashwa na kinga ya mwili, homoni za msongo, homoni za uzazi, na wengine wanajikuta tu mchana wote wamekaa. Sio wanasayansi wote wanakubali kwamba inabana kiasi hicho, na mi nadhani wanaopinga wana hoja, maana uchambuzi mwingine wa mwaka 2021 uliochukua watu wazima 1,754 ulikuta kwa wastani kama asilimia 28 ya kalori za ziada unazochoma kwa kujishughulisha ndo zinafidiwa hivo, zaidi kwa wenye mafuta mengi mwilini. Kwaiyo sio kwamba mazoezi ni bure. Ila ile saa yako ikikwambia umechoma 400, usiende kuzinunulia chapati zote 400.

Kitu kingine tuache kusingizia umri. Kila mtu akifika 35 akaanza nyama uzembe anakwambia mwili umepunguza kasi ya kuchoma kalori. Mwaka 2021 hao hao kina Pontzer na wenzao wengi walitoa vipimo vya watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29, kuanzia mtoto wa siku 8 mpaka mzee wa miaka 95. Mtoto wa mwaka mmoja ndo anachoma kuliko wote, kama asilimia 50 zaidi ya mtu mzima kwa uwiano wa mwili wake. Kutoka miaka 20 mpaka 60 kasi imelala pale pale, wanawake na wanaume, na ukomo wa hedhi haukuleta anguko lolote. Inaanza kushuka baada ya 60, tena taratibu, chini ya asilimia 1 kwa mwaka. Kwaiyo kitambi cha miaka 38 sio umri mwenzangu, ni gari, ni kiti cha ofisi, ni bia, ni usingizi wa saa tano, na hela ya kununua chipsi kuku ambayo ukiwa chuo hukuwa nayo.

Haya, sasa mtu anasema basi naacha kula, naingia kwenye dayati kali. Hapo mwili unakuja na upande wake wa pili ambao ni mbaya zaidi. Mafuta ya mwilini sio mzigo uliolala tu, yanaongea na ubongo. Mwaka 1994 timu ya Jeffrey Friedman kule New York iligundua homoni inaitwa leptini inayotengenezwa na hayo hayo mafuta, inaupelekea ubongo taarifa kwamba ghala lina kiasi gani. Ukipungua leptini inashuka, ubongo unaona njaa ya nchi imeingia, unaongeza hamu ya kula na kupunguza matumizi. Kevin Hall, wakati huo akiwa mtafiti wa taasisi za afya za serikali ya Marekani, na wenzake walikadiria kwamba kwa kila kilo unayopungua, hamu ya kula inapanda kama kalori 100 kwa siku, wakati matumizi yanashuka kama 20 hadi 30. Soma tena hapo. Umepungua kilo 8, unatembea na njaa ya kalori 800 juu ya ile ya kawaida. Halafu watu wanakwambia huna nidhamu!

Mwaka 1944 mpaka 1945 kule Minnesota kuna vijana 36 wa kiume walikataa kwenda vitani kwa sababu za imani wakajitolea wafanyiwe utafiti wa njaa na mwanasayansi Ancel Keys. Wiki 24 walilishwa nusu tumbo, wakapungua kama robo ya uzito, na kasi ya mwili ukiwa umepumzika ikashuka karibu asilimia 40. Walikuwa wanahisi baridi hata joto likiwepo, wanalamba sahani, wanakusanya vitabu vya mapishi wanavisoma kama riwaya. Waliporuhusiwa kula wakala mpaka wengine wakawa na mafuta zaidi ya walivoanza. Nikiona mtu anakula matango na chai ya rangi mwezi mzima kabla ya sendoff yake huwa nawakumbuka hao vijana, kwa sababu baada ya harusi najua kinachofuata.

Na ile kushuka kilo 2 wiki ya kwanza ukiacha ugali na wali usiitangaze. Mwili unaweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu ya hiyo akiba inakaa na kama gramu 3 za maji. Ukiacha wanga akiba inaisha, maji yanatoka, mizani inacheka. Ukila wali siku mbili yanarudi. Ni yale yale ya kina dada wanaojifunga nailoni tumboni wakati wa kukimbia wakiona jasho linachuruzika wanasema mafuta yanayeyuka. Jasho ni maji na chumvi. Mafuta yenyewe mwili ukiyachoma sehemu kubwa inatoka puani: ukipoteza kilo 10 za mafuta, kama kilo 8.4 zinatoka kama hewa ya kaboni daioksaidi unayopumua na iliyobaki ni maji. Zile chai za kupunguza tumbo nazo nyingi zina sena, yaani dawa ya kuharisha, unapoteza choo na maji na hela.

Sasa mbona kuna mtu anakula sahani mbili na hanenepi? Kuna jaribio la Mayo Clinic la mwaka 1999, watu 16 wakalishwa kalori 1,000 za ziada kila siku kwa wiki 8. Kuna aliyeongeza mafuta chini ya nusu kilo na kuna aliyeongeza zaidi ya kilo 4, chakula cha ziada kile kile. Tofauti kubwa ilikuwa kwenye vijimwendo visivyo mazoezi, kuinuka inuka, kutikisa mguu, kusimama, mtu hata hajui anafanya. Miili haifanani, kwaiyo usijilinganishe na shosti yako.

Mi kwenye kundi letu nawaambia hivi. Anzeni na vinywaji, soda na juisi za boksi tumbo halizihesabu kama chakula na njaa inabaki pale pale. Mafuta ya kupikia pimeni kwa kijiko, kijiko kikubwa kimoja ni kalori 120 na kuna mboga za majani zinapikwa na vinne vitano afu mtu anasema "mi nakula mchicha tu". Protini iwepo, maharage, dagaa, samaki, mayai, inashibisha na yenyewe mwili unatumia kama robo ya nishati yake kuimeng'enya. Ugali uwepo jamani, ni ukubwa wa mlima ndo tunajadili. Na ukiwa unaongezeka bila kueleweka, umechoka, hedhi imevurugika, au kuna dawa umeanza kutumia hivi karibuni, nenda hospitali wakuangalie tezi ya shingo na homoni kabla hujaja kwangu.

Kukimbia usiache. Sukari, presha, usingizi, vyote vinanufaika hata mizani isipogusika, na wale wanaofanikiwa kutorudisha kilo baada ya kupungua mara nyingi ni wale walioendelea kujishughulisha sana. Kuna utafiti wa Marekani uliotoka mwaka 2002 kwa watu waliokuwa karibu kupata kisukari, walilenga kupungua asilimia 7 tu ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki, hatari ya kupata kisukari ikashuka asilimia 58. Asilimia 7 kwa mtu wa kilo 90 ni kilo 6 na kidogo, sio kilo 30 za kwenye matangazo.

Na lile la kukimbia kabla ya kula au baada, kwa kupungua haina tofauti ya maana, kinachohesabika ni ulichokula siku nzima na wiki nzima. Mi napenda kabla kwa sababu tumbo linakuwa jepesi. Ila kama unatumia insulini au vidonge vya kushusha sukari usikimbie na njaa bila kuongea na daktari wako, na tembea na kipande cha sukari mfukoni.