Unanunua intakomu ya helmeti? Anza na watu unaoendesha nao

Intakomu ni kifaa kinachobanwa kwenye helmeti ili waendesha pikipiki waongee wakiwa njiani. Wanaoanza karibu wote huuliza "ninunue ipi?" Mimi huwarudishia swali: unataka kuongea na nani? Jibu la hapo ndilo linaloamua bei, aina ya mfumo, na wakati mwingine hata helmeti utakayovaa.

Kama unaendesha peke yako, na unachotaka ni kusikia ramani ikikwambia ukate kushoto na kujua nani kakupigia, usitoe mamia ya dola. Kifaa chenye spika safi na maiki inayovumilia upepo kinakutosha, hata kile cha Kichina cha bei ya chini. Kama ni wewe na abiria wako wa nyuma, umbali si hoja, mmekaa mgongo kwa kifua. Tafuta seti ya vifaa viwili inayouzwa pamoja, basi. Mambo hubadilika mnapokuwa watatu na kuendelea, na hapo ndipo watu wengi hupoteza hela.

Intakomu za Bluetooth za kawaida huungana kwa mnyororo. Wa kwanza kashikana na wa pili, wa pili na wa tatu, wa tatu na wa nne. Ili sauti ya wa kwanza imfikie wa nne, lazima ipite kwa hao wa katikati. Wa tatu akiingia sheli kujaza mafuta, au betri yake ikikata, wa nne naye kapotea. Tena mpangilio mliouunganisha asubuhi ndio mnaotakiwa kukaa nao barabarani, jambo ambalo kwenye msafara wa kweli halidumu hata nusu saa.

Mfumo wa meshi hautegemei mnyororo huo. Kila kifaa kinaongea na vyote vilivyo karibu, na mmoja akitoka sauti inajitafutia njia nyingine. Akirudi, anaingia bila mtu kubonyeza kitu. Kampuni ya Cardo iliuleta kwenye kifaa chake cha Packtalk mwaka 2015, kampuni ya Sena ikaja na 30K mwaka 2018. Packtalk hubeba hadi watu 15 kwenye kundi moja, 30K hadi 24. Kwa watu wanne au watano wanaosafiri pamoja mara kwa mara, mimi nasema bila kusita: jichangeni mnunue meshi, au kaeni bila intakomu mpaka hela ipatikane.

Anayetaka kuelewa kwa nini nasisitiza hivyo, apande mlima wa Kitonga na wenzake. Ukishaiacha Ruaha Mbuyuni ukielekea Iringa, barabara inapanda kwa kona kali, upande mmoja mwamba, upande wa pili bonde, na malori yamefuatana yakikokota gia ndogo. Kiongozi akishamaliza kona, mlima umekaa kati yake na wenzake. Mawimbi ya vifaa hivi ni ya gigahezi 2.4. Mwamba unayazuia, na semi iliyobeba kontena pia inayazuia. Kwenye mnyororo, kiongozi anapotea kila kona na kifaa chako kinaanza kulia masikioni kikimtafuta, wakati ambao ungependa sana akwambie kama kuna lori linashuka. Kwenye meshi, aliyeko katikati ya kona bado anashikana na wa mbele na wa nyuma, na neno linapita kwake. Waendeshaji wa Nairobi wanaoshuka kwenda Mai Mahiu wanaijua hali hiyo hiyo.

Kabla ya kulipa, uliza kundi lako linatumia nini. Meshi ya Cardo haiongei na meshi ya Sena. Unaweza kuziunganisha kwa Bluetooth ya kawaida, kimoja kikijifanya simu mbele ya kingine, lakini hapo umerudi kwenye muungano wa wawili wawili, na mara nyingi nafasi ya kuunganisha simu ya pili au kifaa cha ramani inachukuliwa. Kundi likiwa na kampuni moja, nunua hiyo hiyo hata kama nyingine umeipenda zaidi.

Maandishi ya kwenye boksi nayo yasomwe kwa utulivu. Ukiona "kilomita 1.6" au "kilomita 2", umbali huo hupimwa mahali pa wazi, kifaa kikionana na kifaa bila kizuizi. Kwenye barabara yenye miti, magari na vilima, hesabu mita mia kadhaa na upange nafasi zenu kwa hesabu hiyo. Baadhi ya vifaa vya bei nafuu huandika "waendeshaji 6", kumbe maana yake ni kwamba unaweza kuunganisha sita, ila wanaoongea kwa wakati mmoja ni wawili tu. Muulize muuzaji swali hilo waziwazi: wangapi wanasikilizana kwa pamoja?

Sasa tuje kwenye ufungaji, ambao kwangu una uzito kuliko jina la kampuni. Intakomu ya gharama iliyofungwa ovyo inashindwa na ya bei poa iliyofungwa vizuri. Spika za helmeti ni ndogo, nyingi zina kipenyo cha milimita 40, na lazima zikae mbele kabisa ya tundu la sikio. Zikikosea sentimita moja, besi inapotea, maneno yanakuwa kama mtu anaongea ndani ya debe, nawe unaongeza sauti mpaka mwisho kutafuta kitu ambacho sauti haiwezi kukupa.

Fanya hivi. Vaa helmeti, funga mkanda, pitisha kidole kwa chini kando ya shavu mpaka uliguse tundu la sikio, kisha shikilia kidole hapo hapo kwenye kitambaa cha ndani huku ukiivua helmeti taratibu. Weka alama kwa kipande cha utepe. Kituo cha spika kikae kwenye alama hiyo. Rudia upande wa pili, maana masikio ya watu wengi hayako sawasawa. Helmeti nyingi nzuri zina shimo lililoachwa kwenye sponji kwa ajili ya spika, lakini shimo ni la mtengenezaji na sikio ni lako. Mara nyingi spika inatakiwa isogee juu au nyuma kidogo ya katikati ya shimo.

Kisha jaribu. Washa muziki kwa sauti ya kati, uikamate helmeti kwa viganja viwili na kuibana kuelekea masikioni. Sauti ikipanda na besi ikirudi, spika ziko mbali. Ongeza tabaka la velkro au sponji nyembamba nyuma yake, uvae tena, ubane tena. Ukifika mahali ambapo kubana hakubadilishi kitu, umepata. Halafu kaa nayo kichwani nusu saa ndani ya nyumba. Sikio likianza kuuma, spika imezidi unene, na maumivu hayo ukiwa Chalinze yatakufanya uivue helmeti kabla hujafika Morogoro.

Jambo moja nakuomba sana: usichonge lile povu gumu la ndani ili kupata nafasi ya spika. Povu hilo ndilo linalosagika wakati wa ajali ili kichwa kisipokee pigo lote. Unaruhusiwa kuhamisha sponji laini na kitambaa, basi. Kama spika hazikai bila kuchonga, tafuta spika nyembamba zaidi au helmeti nyingine. Nimeona mafundi wakichonga kwa kisu mbele ya mteja na mteja akishukuru, na inaniumiza.

Maiki ziko za aina mbili. Ya waya mfupi hubandikwa ndani ya kidevu cha helmeti iliyofungwa uso mzima. Ya mkono unaopindika ni ya helmeti iliyo wazi au ile ambayo kidevu chake kinafunguka. Nyingi zina alama, nukta au mshale, inayotakiwa kuelekea mdomoni. Ukiigeuza, wenzako watasikia upepo kuliko sauti yako. Kile kisoksi cha sponji kinachofunika maiki usikitupe. Kwa wanaovaa helmeti wazi niwe mkweli: zaidi ya kilomita 70 kwa saa, upepo utakuwa unaongea kuliko ninyi, hata maiki iwe ya nani.

Hapo hapo kuna suala la masikio. Ukienda kilomita 100 kwa saa, kelele za upepo ndani ya helmeti huvuka desibeli 90. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, inapendekeza mtu asikae kwenye desibeli 85 zaidi ya saa 8 kwa siku, na kila zinapoongezeka 3 muda huo unakatwa nusu. Kwenye desibeli 94 umebakiwa na saa moja. Sasa wewe juu ya kelele hiyo unaongeza spika iliyofunguliwa mpaka mwisho. Kwa safari ndefu vaa vizibo vya masikio vya sponji, ndani ya helmeti, pamoja na intakomu. Wageni hudhani hawatasikia kitu. Kumbe vizibo vinakata ule mvumo wa upepo, na maneno ya mwenzako yanabaki yakisikika safi zaidi kuliko bila vizibo. Honi ya basi utaisikia tu.

Kuunganisha kufanyike nyumbani, siku moja kabla. Futa kwanza miunganiko ya zamani, unganisha simu yako, kisha ndipo uunganishe vifaa kwa vifaa. Ukianza na wenzako ukamalizia na simu, mara nyingi mtakuja kuhangaika. Kwenye Google Maps hakikisha umewasha sauti kupitia Bluetooth. Zima milio ya makundi ya WhatsApp, maana kila ujumbe utakatiza mazungumzo. Sasisha programu ya kifaa kwa kompyuta au simu, na kundi lote lisasishe pamoja.

Barabarani, ongeeni kidogo. Kiongozi anataja kilichopo mbele kwa maneno mawili matatu: "shimo kushoto", "tuta", "ng'ombe kulia", "mchanga kwenye kona". Wa mwisho anataja kinachokuja nyuma: "basi linaovateki". Kwenye zile kilomita 50 hivi ambazo barabara kuu inakatiza hifadhi ya Mikumi, neno "twiga mbele" likitangulia sekunde tatu linatosha kuokoa mtu. Ndiyo maana nafasi hewani iachwe wazi. Hadithi ziwe za barabara iliyonyooka na tupu. Mkikaribia mji, mzunguko au makutano, nyamazeni wote, na asiwepo wa kuuliza swali linalohitaji jibu. Muziki mjini mimi nauzima kabisa. Simu ikiita, paki pembeni ndipo uongee, hata kama mikono yote iko kwenye usukani. Akili ndiyo inayoondoka. Na msikubali mtu amruhusu mwenzake kuovateki kwa intakomu. Kiongozi aseme anachokiona, "lori linakuja", lakini uamuzi wa kutoka ni wa mwenye macho yake.

Kuhusu vumbi na mvua, tafuta alama ya IP67. Tarakimu 6 inamaanisha vumbi haliingii, 7 inamaanisha kinavumilia kuzama mita moja kwa dakika 30. Alama hiyo inahesabika tu kama kifuniko cha tundu la chaji kimefungwa, kwa hiyo usichaji ukiwa kwenye mvua. Chaji kwa kichwa cha kawaida cha volti 5. Kifaa kikikaa bila kazi, kichaji angalau kila baada ya miezi miwili ili betri isife.

Kwa kifaa cha mkononi, yaani kilichokwisha kutumiwa na mtu mwingine, usinunue kwa picha. Kiwashe, kiunganishe na simu yako, piga simu na umuulize wa upande wa pili anakusikiaje huku pikipiki ikiunguruma kando yako. Ikiwa ni seti ya viwili, mpe muuzaji kimoja mtembee mbali mpaka sauti ianze kukatika. Kichunguze kile kitako kinachobana kwenye helmeti, maana vingi huwa na ufa na kupata kitako peke yake si rahisi. Mwisho dai waya wake wa kuchajia: modeli za zamani hutumia kichwa kidogo cha USB ambacho siku hizi kwenye maduka ya njiani unaweza usikipate.