Gome, Kobe na Kibali cha Kusafirisha

SWALI: Mhariri, nimesoma kwamba wako wanabiolojia wa serikali wanaoshinda ofisini wakipitia maombi ya vibali vya kusafirisha wanyama na mimea nje ya nchi. Je, hiyo si kazi ya maofisa wa forodha? Elimu ya viumbe inahitajika wapi katika makaratasi hayo?

JIBU: Ofisa wa forodha hukagua mzigo uliokwisha kufika mpakani, ilhali mwanabiolojia huulizwa jambo moja kabla kibali hakijatolewa: je, biashara hii itahatarisha uhai wa spishi hiyo porini? Swali hilo limewekwa na CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini iliyo hatarini, uliotiwa saini Washington tarehe 3 Machi 1973 na kuanza kutumika mwaka 1975, ambao unaitaka kila nchi mwanachama iwe na Mamlaka ya Kisayansi ya kulijibu, mbali na Mamlaka ya Usimamizi inayotoa kibali chenyewe. Mkataba huo huorodhesha spishi katika viambatisho kulingana na ulinzi zinaouhitaji. Spishi za Kiambatisho cha Kwanza, kama kakakuona, haziruhusiwi kuchukuliwa porini na kuuzwa kimataifa kwa faida, kwa hiyo shauri lake huwa fupi. Kazi nzito iko katika Kiambatisho cha Pili, ambamo biashara ni halali maadamu haidhuru.

Fikiria mti wa Prunus africana, unaoota katika misitu ya milimani barani Afrika na umo katika Kiambatisho hicho tangu 1995, kwa kuwa gome lake hutengenezewa dawa ya kuvimba kwa tezi dume. Ukibanduliwa gome kwa sehemu tu, mti huo unaweza kuliotesha tena, lakini ukichunwa kuzunguka shina lote mara nyingi hufa. Kwa hiyo kilogramu zilizoandikwa katika ombi hazimwambii mwanabiolojia lolote mpaka ajue zimetoka katika miti mingapi, ya unene gani, iliyobanduliwa namna gani na lini mara ya mwisho.

Kwa wanyama huongezeka suala la asili, kwani kibali huonyesha kwa herufi kama mnyama ametoka porini au amezalishwa kizimbani. Mfugaji mwenye kobe wachache akiomba kusafirisha watoto wengi kuliko wanavyoweza kuzaliwa kwa mayai ya wazazi hao, atakayeligundua hilo ni mtu anayejua kobe hao hutaga mara ngapi na hukomaa wakiwa na umri gani. Hapo ndipo elimu uliyoiuliza inapofanya kazi, na naiona kuwa kazi ya ulinzi sawa na ile ya askari wa wanyamapori.

Inanisikitisha kwamba mimea husahaulika katika mazungumzo haya, wakati spishi zilizoorodheshwa ni takriban 40,000 na zaidi ya nusu yake ni okidi, yaani mimea ya maua.

Takwimu zikiwa pungufu, mwanabiolojia mwangalifu hushauri kiasi kidogo au hukataa. Kibali cha kusafirisha nje hudumu kwa muda usiozidi miezi 6, na mfanyabiashara akirudi na ombi jipya, hesabu ya miti huangaliwa upya.